Wilhelm Kühne, Bwana wa Tripsini

Sisi wa Gitaza twala ndagala na mukeke tangu utoto, na wengi hudhani habari ya samaki yakoma akiisha kumezwa. Sivyo. Protini ya samaki haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwekatwe vipande vidogo sana. Mtu aliyemtafuta mkataji huyo na kumpa jina ni Wilhelm Kühne.

Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1837. Alisoma Göttingen, kisha akasafiri kuwafuata waalimu wakubwa wa zama zile, Claude Bernard huko Paris, du Bois-Reymond huko Berlin na Brücke huko Vienna. Alipenda kuona kwa macho yake mwenyewe. Siku moja, akitazama unyuzi wa msuli wa chura kwa hadubini, aliona mnyoo mdogo ukiogelea ndani yake, akatambua ya kuwa ndani ya msuli ulio hai mna majimaji, si kitu kigumu. Mwaka wa 1864 aliipa protini ya msuli jina la miosini.

Mwaka wa 1871 Helmholtz aliondoka Heidelberg, na Kühne akapewa kiti chake. Pepsini ya tumboni ilikuwa imejulikana tangu 1836, lakini hiyo yataka asidi. Kühne alishika kongosho, kile kiungo laini kilicho nyuma ya tumbo, akatoa ndani yake kitu kinachoyeyusha protini pasipo asidi. Mwaka wa 1876 akakitangaza kwa jina la tripsini.

Siku zile wataalamu walishindana: je, nguvu ya hamira ni ya uhai wenyewe, au ni kitu kiwezacho kutiwa chupani? Kühne aliona neno moja linatumika kwa mambo mawili, akatunga neno enzaimu, kutoka Kiyunani, maana yake katika hamira, liwe jina la vitu vinavyofanya kazi hata nje ya chembe hai. Mpishi afungaye nyama ngumu kwa jani la mpapai atumia kitu cha namna hiyo. Mtaalamu mwenzake, Hoppe-Seyler, alilipinga sana neno hilo, lakini ndilo lililobaki; sisi twasema pia kimeng'enya.

Watu wengi, hata hivyo, walimjua kwa habari ya macho. Alimweka sungura mbele ya dirisha lenye vyuma, akamchinja, akalitia jicho lake katika dawa. Na ndani ya jicho ikaonekana picha ya dirisha lile! Watu wakatumaini kuwa jicho la maiti litamtaja muuaji. Mwaka wa 1880 Kühne akapata jicho la mtu aliyenyongwa kwa hukumu, la, aliyekatwa kichwa, katika mji wa Bruchsal. Aliona alama tu, isiyotambulika. Angaliweza kujipatia sifa kwa kusema zaidi ya alichokiona, asifanye hivyo. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko picha ya dirisha.

Yeye na mwenzake Ewald waliitumia tripsini pia kama kisu: iliyeyusha sehemu nyingine za mwili, wao wakachungua zilizobaki. Kühne alifariki Heidelberg tarehe 10 Juni 1900, lakini kisu kile hakikuwekwa alani. Leo protini huchanganywa na tripsini, ikaachwa usiku kucha katika joto la digrii 37, kama joto la mwili wetu. Tripsini haikati ovyo. Katika aina 20 za asidi amino, hukata baada ya mbili tu, laisini na arjinini. Kwa hiyo kila protini huacha vipande vyake yenyewe, na mashine iitwayo spektromita ya masi huvipima uzito kimoja kimoja. Kwa uzito huo protini hujulikana, na hata samaki asiye na kichwa wala mkia aweza kutajwa ni wa aina gani. Nayo tripsini ya kazi hiyo mara nyingi hutolewa katika kongosho la nguruwe.