MAISHA YA MUNGANGA SOLOMON CARTER FULLER (1872-1953)

Katika somo la biolojia tunasikia majina ya watu wa Ulaya, na wengi wetu tunazani kwamba hakuna Mwafrika aliyeshiriki kazi ile. Kumbe yuko! Leo tunawaelezea maisha ya mutoto wa Monrovia, aliyekuwa kati ya watu wa kwanza kuchunguza ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu bongo na kumusahaulisha mutu hata majina ya watoto wake.

Solomon Carter Fuller alizaliwa Liberia tarehe 11 Agosti 1872. Babu yake upande wa baba alikuwa mutumwa kule Virginia. Alijinunua mwenyewe, kisha jamaa ikahamia Liberia. Upande wa mama walikuwa wamisionere waliojua kutunza wagonjwa. Baba yake alilima kahawa.

Mwaka 1889 kijana huyu alivuka bahari kwenda Marekani. Alisoma kwanza Livingstone College, katika North Carolina, halafu akasomea kazi ya munganga huko Boston, na kupata diploma mwaka 1897. Akaingia kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough. Kazi yake ilikuwa kupima mabongo ya wale waliokufa, apate kujua ni kitu gani kiliwaharibia akili.

Mwaka 1904 alikwenda Munich, katika inchi ya Ujeremani. Huko Munganga Alois Alzheimer alichagua wageni watano wa kufanya naye kazi, na Fuller alikuwa mumoja wao. Kazi yenyewe ilitaka uvumilivu: kukata bongo vipande vyembamba sana, kuvitia rangi, kuviangalia kwa mikroskopi, siku kwa siku. Mwaka 1906, Fuller akiwa amekwisha kurudi Marekani, Alzheimer alieleza habari za mama mumoja aliyepoteza akili mbele ya uzee. Katika bongo lake mulikuwa madoa kati ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli.

Mwaka 1912 Fuller alitoa makala kubwa. Alikusanya habari za wagonjwa wa namna ile walioandikwa na wengine, akaongeza mugonjwa mupya, na kutafsiri habari za yule mama kwa Kiingereza. Hakukubali haraka kwamba madoa peke yake ndiyo chanzo cha ugonjwa. Aliendelea kuuliza.

Jibu lilikawia. Mwaka 1991 wachunguzi walivumbua kosa katika jeni moja ya kromozomi 21. Katika jamaa chache kosa lile linatoka kwa muzazi na kuingia kwa mutoto. Jeni ile ndiyo inayotoa protini ambayo kipande chake kinafanya yale madoa. Mwaka 1993 ilionekana kwamba aina moja ya jeni APOE, kwenye kromozomi 19, inaongeza hatari, lakini haimulazimishi mutu kugonjwa. Mwaka 1995 makosa mengine yalionekana kwenye kromozomi 14 na 1. Hata hivyo, wagonjwa walio wengi hawana makosa hayo matatu.

Je, Fuller alipata heshima iliyomufaa? Alifundisha Boston University zaidi ya miaka 30, kwa mushahara mudogo kuliko wa Wazungu. Karibu miaka mitano aliongoza sehemu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu bila kupewa cheo. Mwaka 1933 cheo kilipewa Muzungu aliyekuwa chini yake, naye Fuller akaacha kazi ile. Lakini hakuacha wagonjwa. Kisukari kilipomupofusha macho aliendelea kuwapokea, mpaka karibu na kufa kwake tarehe 16 Januari 1953. Muke wake, Meta Warrick, alikuwa muchongaji wa sanamu mwenye jina. Walizaa watoto watatu wanaume.

Ndugu wanafunzi, tufahamu neno moja. Muzee akisahau njia ya nyumba yake, ao kumuita mutoto wake kwa jina la mwengine, kuna watu wanaosema mbio kwamba ni ulozi. Mwafrika huyu aliangalia ndani ya bongo akaona ugonjwa. Basi muzee wetu tumushike mukono, tumurudishe nyumbani.