Asa Griggs Candler

Asa Griggs Candler (Villa Rica, Georgia, 30 Desemba 1851 – Atlanta, Georgia, 12 Machi 1929) alikuwa mfamasia, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa kampuni ya Coca-Cola, ingawa kinywaji chenyewe hakukibuni yeye. Sehemu kubwa ya mali yake aliigawa akiwa bado hai.

Maisha ya awali

Candler alikuwa mtoto wa nane kati ya watoto kumi na mmoja. Alitamani kuwa daktari, lakini akajifunza kazi ya dawa huko Cartersville. Mwaka 1873 alihamia Atlanta na kuajiriwa katika duka la dawa la George Howard. Mwaka 1878 alimwoa Lucy, binti wa tajiri wake, wakapata watoto watano.

Biashara ya Coca-Cola

Coca-Cola ilibuniwa mwaka 1886 na mfamasia John Pemberton wa Atlanta. Kuanzia mwaka 1888 Candler alinunua haki zake kidogokidogo, na kufikia 1891 zote zilikuwa mikononi mwake kwa jumla ya dola 2,300 hivi. Mwaka 1892 aliandikisha kampuni. Aligawa kuponi za glasi ya bure, na kufikia 1895 kinywaji kiliuzwa katika majimbo yote ya Marekani.

Hakuamini kwamba soda ya chupa ingeleta faida. Mwaka 1899 aliwapa mawakili wawili wa Chattanooga haki ya kuitia chupani karibu nchi nzima kwa bei ya dola moja tu. Biashara ya chupa ilikuja kuwa kubwa sana.

Ufadhili

Candler alikuwa muumini wa Kanisa la Methodisti, na ndugu yake Warren alikuwa askofu wa kanisa hilo. Mwaka 1914, baada ya kanisa kushindwa mahakamani katika kesi ya kudhibiti Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Candler alitoa dola milioni moja ili Chuo Kikuu cha Emory kianzishwe Atlanta. Alitoa pia ardhi ya chuo na kufadhili hospitali yake. Kwa miongo mingi Emory ilipokea wanafunzi Wazungu tu. Waafrika-Wamarekani walianza kukubaliwa katika miaka ya 1960.

Mwaka huohuo wa 1914, bei ya pamba iliposhuka kwa sababu ya vita, aliwakopesha wakulima fedha kwa dhamana ya pamba yao. Alikuwa meya wa Atlanta tangu 1917 hadi 1919.

Utata

Mwanzoni kinywaji kilikuwa na kiasi kidogo cha kokaini, ambayo iliondolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 serikali, kwa msukumo wa mkemia Harvey Wiley, ilikamata mapipa ya shira ya Coca-Cola huko Chattanooga ikidai kwamba kafeini yake ilikuwa na madhara. Kampuni ilishinda mwaka 1911, lakini mwaka 1916 Mahakama ya Juu iliirudisha kesi isikilizwe upya. Hatimaye kampuni ilikubali kupunguza kafeini.

Candler alilaumiwa pia kwa kusifu hadharani kazi za watoto, wakati wanaharakati walipokuwa wakidai sheria za kuzizuia.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1917 aliwagawia watoto wake karibu hisa zake zote. Mwaka 1919 wao waliiuza kampuni kwa kundi lililoongozwa na Ernest Woodruff kwa dola milioni 25, bila kumshauri baba yao. Jambo hilo lilimhuzunisha sana. Lucy alifariki mwaka huohuo. Baadaye Candler alishtakiwa kwa kuvunja uchumba na mwanamke wa New Orleans, ila alishinda kesi. Alioa tena mwaka 1923.

Mwaka 1926 alipata kiharusi, akafariki miaka mitatu baadaye na kuzikwa Atlanta. Shule ya teolojia ya Emory na bustani ya Candler Park mjini Atlanta zina jina lake.