Babe Ruth na Frere Matthias

Tarehe 6 Februari 1895, katika mji wa Baltimore, nchi ya Marekani, alizaliwa mtoto jina lake George Herman Ruth. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya pombe. Kutwa wazazi walikuwa na kazi ya kuwapa wanywaji vinywaji, na mtoto alizunguka njiani peke yake. Alikimbia masomo, aliiba vitu vya wachuuzi, tena alitafuna tumbako angali mdogo. Wazazi wakashindwa naye. Mwaka 1902, alipokuwa na miaka 7, walimpeleka St. Mary's, masomo ya Mafrere wa Mtakatifu Fransisko Xaveri. Shirika hilo lilianzishwa mjini Bruges, nchi ya Ubelgiji, mwaka 1839.

Ndani ya masomo yale walikaa watoto mamia: yatima, maskini, na wakaidi kama George. Walisoma, kisha walijifunza kazi za mikono. George alitiwa pamoja na washonaji, akajua kushona mashati vizuri. Watoto wengine walitembelewa na jamaa zao. Yeye alitembelewa mara chache sana. Mama yake alikufa mwaka 1912.

Lakini huko palikuwa na Frere Matthias. Alikuwa mrefu kupita wote, mwenye nguvu nyingi, wala hakupenda kupaza sauti. Watoto wakipigana, alisimama tu akiwatazama, na ugomvi ukaisha. Alipotoka uwanjani alishika gongo kwa mkono mmoja, akapiga mpira ukapanda juu sana, na watoto wakabaki midomo wazi. George alimtazama kuliko wenzake. Alijifunza kupiga kama yeye, hata akatembea kama yeye, kwa hatua fupi fupi.

Mchezo wao ni besiboli. Mtu mmoja anatupa mpira mdogo mgumu, na mwingine anaupiga kwa gongo la mti. Akiisha kuupiga, anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla wenzake wa mtupaji hawajamzuia. Ukiruka mbali na kutoka nje ya uwanja, anazunguka bila haraka, maana hakuna awezaye kumzuia. Hilo ndilo pigo kubwa.

Siku moja mtupaji wa ekipe ya George alishindwa vibaya, naye George akamcheka. Frere Matthias akamwambia ashike mpira atupe yeye, kwa kuwa aliona kazi ile kuwa ya kuchekesha. George hakuwa ametupa hata siku moja. Alishika mpira kwa mkono wake wa kushoto, akatupa, na kicheko kikaisha: alikuwa fundi.

Mwaka 1914 Jack Dunn, mwenye ekipe ya Baltimore, alikuja kumchukua. Wachezaji wakubwa wakamwita Babe, yaani mtoto mchanga. Mwaka ule ule akaenda Boston, na mwaka 1920 New York, iliyomnunua kwa dola 100,000. Mwaka 1927 alipiga mapigo makubwa 60, na katika maisha yake yote 714. Hakuna aliyepita hesabu hii ya pili mpaka mwaka 1974.

Tusifiche kitu: Babe hakuwa mtu wa utaratibu. Alikula mno, alikunywa mno, alirudi hotelini usiku wa manane, na feza zilimwagika mikononi mwake kama maji. Mwaka 1925 mkubwa wa ekipe, Miller Huggins, mtu mdogo wa umbo, alimkataza kucheza na kumtoza dola 5,000. Babe alikasirika, akaenda kushitaki kwa mwenye ekipe. Huyu akamwunga mkono Huggins. Basi Babe ikamlazimu kuomba radhi.

Lakini hakusahau St. Mary's. Mwaka 1919 moto ulipochoma majengo ya masomo, Babe alisaidia kutafuta feza za kujenga. Mwaka 1920 wapiga tarumbeta wa St. Mary's walifuatana na ekipe yake toka mji hata mji, wakapiga muziki, na watu wakatoa sadaka. Baadaye alimpa Frere Matthias motokari nzuri ya bei kubwa. Ilipovunjika katika ajali, akamnunulia ya pili. Hata katika lopitali alipenda kuwatembelea watoto wagonjwa.

Frere Matthias alikufa mwaka 1944. Babe mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa kansa. Tarehe 13 Juni 1948 aliingia mara ya mwisho katika uwanja wa New York, amevaa nguo zake za mchezo, nazo zilikuwa zimempwaya. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alishika gongo, akaliegemea kama mzee aegemeavyo fimbo. Alikufa tarehe 16 Agosti, mwenye miaka 53. Maiti yake ililazwa mlangoni mwa uwanja ule ule, na watu maelfu kwa maelfu wakapita mbele yake, wazee na watoto, mchana na usiku.