Joginder Singh: Spana boi wa Kericho aliyeshinda Safari mara tatu

Kama umewahi kuwa Chepseon msimu wa mvua, unajua vile mambo huwa. Ukiacha tu lami ya barabara ya Nakuru–Kericho, udongo mwekundu unashika magurudumu, boda inateleza, pikapu inakwama katikati ya njia. Hapo ndipo kila mtu humkumbuka fundi, yule kijana wa mikono ya grisi ambaye siku nyingine huonekana kama mtu aliyekosa kazi ya maana.

Basi, nikusimulie kuhusu fundi mmoja wa kwenu.

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake alikuwa ametoka Punjab, India, akafungua gereji Nairobi. Joginder hakuenda kuvaa tai ofisini. Alishika spana katika gereji hiyo ya mzee. Mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake? Kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva walioharibikiwa. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 26, akaanza mashindano ya magari.

Hiyo kazi ya barabarani usiidharau. Gari la petroli likizima, fundi mzuri habahatishi wala haanzi kufungua injini. Anaanza na rahisi: mafuta yanafika? Plagi inatoa cheche? Hewa inapita, ama filta imeziba vumbi? Ukifanya hivyo kila siku, sikio lako linajua tatizo kabla ya mkono.

Sasa njoo 1965. Kenya haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru. Viwanda vya Ulaya vinaleta timu zao kwenye Safari Rally. Joginder na mdogo wake Jaswant wanakuja na Volvo PV544 iliyotumika, ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaikimbiza kwenye Safari ya 1964. Wakaitengeneza wenyewe. Wakaanza na namba 1, wakapita kwenye matope, na kumaliza wakiwa wamemwacha wa pili kwa saa moja na dakika 40!

Usiseme ilikuwa bahati. Alishinda tena 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer, David Doig akiwa msaidizi wake. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19, na hizi zilikuwa mbio ambazo magari mengi yaliishia njiani. Dunia ikamwita Singa Singa Anayepaa. Wakenya wakamwita Simba. Alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Angalia hiyo 19 kwa 22 vizuri. Kuendesha kwa kasi wengi waliweza. Kulifikisha gari nyumbani ndiko kulihitaji mtu anayejua kila nati yake.

Kwa hivyo wewe mwenye boda, ama unayeendesha pikapu ya majani chai: ukitoka kwenye matope leo jioni, osha, halafu kagua. Jaribu breki kabla ya kushuka mlima. Pima oili. Safisha filta ya hewa. Kaza nati zilizolegea. Ni dakika chache tu, na una abiria nyuma yako.

Na wewe uliye gerejini ukichekwa kwa sababu ya ovaroli chafu, endelea kushika hiyo spana. Simba alianzia hapo.