Gottlieb Haberlandt

Gottlieb Haberlandt (28 Novemba 1854 – 30 Januari 1945) alikuwa mtaalamu wa botania kutoka Austria. Anahesabiwa kuwa baba wa ukuzaji wa tishu za mimea, yaani ufundi wa kuotesha mche mzima ndani ya chupa kutokana na kipande kidogo cha mmea. Siku hizi ufundi huo hutumika kuzalisha miche ya migomba, mananasi na matunda mengine. Cha ajabu ni kwamba jaribio lililompa sifa hiyo halikufaulu.

Maisha

Alizaliwa Ungarisch-Altenburg, mji ambao leo uko Hungaria na huitwa Mosonmagyaróvár. Baba yake, Friedrich, alikuwa mwalimu wa kilimo aliyejulikana kwa kueneza soya Ulaya. Gottlieb alipata shahada ya udaktari Vienna mwaka 1876, kisha akasoma Tübingen chini ya Simon Schwendener. Kuanzia 1880 alifundisha Graz. Mwaka 1910 alishika nafasi ya Schwendener, aliyekuwa amehamia Berlin, akafundisha huko hadi kustaafu mwaka 1923.

Kitabu chake cha mwaka 1884 kilieleza maumbile ya ndani ya mimea kwa kufuata kazi ya kila sehemu. Miaka ya 1891–1892 alisafiri hadi Java kuchunguza mimea ya nchi za joto. Mwanawe Ludwig, mmoja wa waanzilishi wa uzazi wa mpango kwa njia ya homoni, alifariki mwaka 1932 akiwa na umri wa miaka 47. Baba akaishi miaka 12 zaidi.

Jaribio la mwaka 1902

Haberlandt aliamini kwamba kila seli ya mmea ina uwezo wa kuzaa mmea mzima. Alitenga seli za majani, akaziweka katika maji yenye chumvichumvi na sukari, akazitazama kwa darubini. Nyingine ziliishi majuma kadhaa, zikanenepa na kujaza wanga, lakini hakuna hata moja iliyogawanyika. Alichagua seli zilizokwisha kukomaa, na homoni za mimea zilikuwa bado hazijagunduliwa.

Hata hivyo hakuyaficha matokeo hayo. Aliyatoa mbele ya Akademia ya Sayansi ya Vienna mwaka 1902, akashauri watakaofuata wajaribu kuongeza majimaji yanayozunguka kiinitete ndani ya mbegu. Kwa mkazi wa Unguja majimaji ya namna hiyo si mageni: maji ya dafu ndiyo hayo, chakula cha kiinitete cha mnazi kabla hakijaganda kuwa nazi. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake, huko Marekani, walitumia maji ya nazi kukuza viinitete vichanga. Mwaka 1958 F. C. Steward alitangaza kwamba amepata mimea mizima kutokana na seli za karoti zilizolelewa kwa maji hayohayo.

Haberlandt mwenyewe alirudi kwenye swali hilo mwaka 1913 kwa vipande vya viazi. Aliona seli hugawanyika pale tu kipande kinapokuwa na mishipa inayopitisha chakula, akahitimisha kwamba kuna kitu ndani ya mishipa hiyo kinachoziamsha. Alikuwa bado hai mwaka 1939, Philip White wa Marekani pamoja na Gautheret na Nobécourt wa Ufaransa walipofaulu kukuza tishu bila kikomo.

Matumizi Afrika ya Mashariki

Migomba ya kuliwa haina mbegu za kupanda; huenezwa kwa chipukizi, na chipukizi huhamisha fukusi na minyoo ya mizizi. Hata anayepanda mgomba mmoja uani, tuseme Mpendae mjini Unguja, akiomba chipukizi kwa jirani huenda akapewa pamoja na wadudu wake. Mche wa chupa huanza safi, ingawa ukishafika shambani hauna kinga ya pekee. Nchini Kenya miche hiyo ilianza kusambazwa kwa wakulima miaka ya 1990; Tanzania Bara ina maabara ya utafiti wa kilimo Mikocheni, Dar es Salaam. Bei yake ni kubwa kuliko ya chipukizi, na mche huhitaji kuzoeshwa kivulini kabla ya kupigwa na jua.

Si kila mti hukubali chupa. Mwembe umekuwa mgumu, na waotesha miche bado huuzalisha kwa kuunga kikonyo juu ya mche uliooteshwa kwa kokwa.