Mtakatifu Ignatius na Moyo Usiotulia

Ignatius alizaliwa mwaka wa 1491 huko Loyola, katika nchi ya Hispania, akakua akipenda silaha na sifa za watu. Mwaka wa 1521, alipokuwa akiutetea mji wa Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipokuwa akiuguzwa alisoma maisha ya Yesu Kristu na ya watakatifu, akakata shauri kumtumikia Mungu.

Moyo wake uligeuka, lakini njia za Mungu alikuwa hajazijua bado. Mwaka wa 1522, akisafiri kwenda Montserrat, alibishana na Mwislamu mmoja habari za Bikira Maria. Yule mtu alipokwisha kutangulia, Ignatius alishikwa na hasira, asijue kama yampasa kumfuata na kumchoma kisu. Basi akalegeza hatamu za nyumbu wake: nyumbu akishika njia ya kijiji alikokwenda yule mtu, atamchoma, akishika njia kuu, atamwacha. Nyumbu akashika njia kuu. Lakini je, amri ya tano haikuwa wazi? Ya nini kumwuliza mnyama jambo ambalo Mungu amekwisha kulisema?

Huko Montserrat aliungama dhambi zake zote kwa muda wa siku tatu, akiwa ameziandika. Hata hivyo, alipofika Manresa, mashaka yalimwandama: labda nimesahau hili, labda sikueleza vema lile. Aliungama tena na tena, asipate raha. Alijaribiwa hata kujiua. Akafunga juma zima bila kula wala kunywa, mpaka padri muungamishi akamwamuru ale. Akatii. Baada ya siku chache mashaka yalirudi. Ndipo alipotambua kwamba hangaiko lile halikutoka kwa Mungu. Akaazimu kutoungama tena dhambi zilizokwisha kuondolewa, akapata amani.

Baadaye aliwafundisha wengine: mtu akikanyaga kwa bahati mabua mawili yaliyolala mfano wa msalaba, akadhani ametenda dhambi, amekosea katika kuamua. Shirika la Yesu aliloliunda lilikubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka wa 1540. Alifariki Roma mwaka wa 1556, akatangazwa mtakatifu mwaka wa 1622.

Wapenzi wakatekumeni, wako wanaojikwaa mguu njiani, au kuzuiwa na mvua wasifike kwenye mafundisho, wakaanza kuulizana: Je, Mungu amenikataa? Msihangaike hivyo. Mungu ni Baba, hawategei watoto wake mitego. Alilolikataza, liacheni. Aliloliamuru, litendeni. Na mambo mawili yakiwa mema yote, salini, tumieni akili aliyowapa, ombeni shauri kwa padri au kwa katekista. Kisha chagueni moja, mwende kwa amani.