Aggrey: Mwalimu aliyewafunza vijana kujiona viongozi

JINA Aggrey si geni masikioni mwa Wakenya. Katika maeneo ya Magharibi na Nyanza hasa, wapo wazee kwa vijana waliobatizwa kwa jina hilo. Katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa nchini mnamo 1952, Aggrey Minya, naye alikuwa mmoja wao.

Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba jina hilo si la mtakatifu wala la mfalme wa Ulaya. Ni la mwalimu Mwafrika, Dkt James Emman Kwegyir Aggrey, aliyekanyaga ardhi ya Kenya mnamo 1924 na kuacha wazazi wengi wakitamani wana wao wafanane naye.

Aggrey alizaliwa Oktoba 18, 1875, katika mji wa Anomabo, Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa chifu. Katika jamii ya Wafante, cheo hicho hakikuwa cha mpiga domo. Msemaji alitakiwa kujua historia, sheria na methali za watu wake, na kuyachukua maneno ya mkubwa na kuyafikisha kwa umma pasipo kumvunjia yeyote heshima. Kipawa hicho mwana alikirithi.

Alisomeshwa na wamishenari wa Methodist mjini Cape Coast, akawa mwalimu angali kijana mdogo. Mnamo 1898, akiwa na umri wa miaka 22, alivuka bahari kwenda Marekani kwa msaada wa Kanisa la African Methodist Episcopal Zion, akajiunga na Chuo cha Livingstone mjini Salisbury, jimbo la North Carolina. Alipohitimu shahada ya kwanza mnamo 1902, chuo kilimbakisha awe mwalimu. Alifundisha hapo hadi 1920.

Ni muhimu kufahamu mazingira ya darasa lake. Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani mnamo 1865, na wengi wa wanafunzi wa Livingstone walikuwa watoto na wajukuu wa watumwa. Mnamo 1900, jimbo hilo lilibadilisha katiba yake na kuweka masharti ya kujua kusoma na kulipa kodi kwa wapigakura, hatua iliyokusudiwa kuwanyima weusi kura. Kijana aliyeingia chuoni humo alikuwa akiambiwa kila siku, kwa sheria na kwa matusi, kuwa yeye si mtu wa kuongoza chochote.

Hapo ndipo Aggrey alipoanzia kazi yake. Kwake yeye, haikufaa kumfundisha kijana mbinu za uongozi kabla kijana huyo hajaamini kwamba kuongoza ni wajibu wake. Alifundisha lugha za kale za Ulaya ili kuwaonyesha vijana kwamba hakuna elimu iliyotengewa rangi moja. Wakati uo huo alikataa msomi ajitenge na watu wake. Kuanzia 1914 alichunga makanisa mawili madogo nje ya mji, miongoni mwa wakulima maskini. Huko elimu yake ilipimwa kwa manufaa iliyoleta kwenye mashamba na nyumba za watu.

Mwaka wa 1920 ulibadilisha maisha yake. Wakfu wa Phelps-Stokes wa New York uliunda tume ya kuchunguza elimu barani Afrika chini ya Thomas Jesse Jones, na Aggrey akawa Mwafrika wa pekee ndani yake. Tume ilizuru Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Mnamo 1924 tume ya pili ilikuja Afrika Mashariki na Kati, naye akawemo tena.

Kenya aliyoiona ilikuwa na majeraha mabichi. Wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu waandamanaji wapigwe risasi jijini Nairobi walipodai kuachiliwa kwa Harry Thuku, ambaye sasa alikuwa uhamishoni Kismayu. Katika nchi ya namna hiyo, kumwona Mwafrika msomi akiketi na Wazungu katika tume moja, akiuliza maswali na kutoa maoni, lilikuwa somo tosha hata kabla hajafungua kinywa.

Akifungua kinywa, alisimulia. Kisa chake mashuhuri kilihusu tai aliyelelewa na kuku hadi akadhani naye ni kuku, akawa akidonoa mtama uani. Mtu aliyemtambua alijaribu mara kadhaa kumrusha bila mafanikio. Hatimaye alimpeleka mlimani alfajiri, akamwelekeza kwenye jua, naye tai akapaa. Wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa tai ni nani.

Ziara hiyo iliacha alama nchini. Katibu wa tume, James Dougall, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shule ya Jeanes iliyoanzishwa Kabete mnamo 1925 kuwafunza walimu Waafrika kusimamia shule za vijijini. Mahali hapo baadaye palikuja kuwa chuo cha kuwafunzia watumishi wa serikali.

Lakini kazi iliyobeba ndoto ya Aggrey ilikuwa nyumbani kwao. Gavana Gordon Guggisberg alikuwa akijenga chuo kikubwa Achimota, karibu na Accra, akamteua Kasisi Alek Fraser kuwa mkuu. Aggrey alijiunga nao mnamo 1924. Cheo alichopewa kilikuwa cha msaidizi wa naibu mkuu, chini ya Wazungu, ijapokuwa hapakuwa na mtu aliyewajua wananchi kuliko yeye. Alikikubali.

Mzigo wake wa kwanza ulikuwa kuwaondolea wenyeji shaka. Wengi waliogopa kwamba chuo hicho kingewapa Waafrika elimu ya daraja la pili. Aggrey alizunguka akiwaeleza kuwa vijana wangesoma sayansi na fasihi sawa na wenzao wa Uingereza, huku wakisoma pia lugha, historia na sanaa za kwao. Alishikilia kuwa wasichana waelimishwe pamoja na wavulana, kwa hoja kwamba faida ya kumsomesha mwanamke huenea katika jamii nzima. Nembo ya chuo ilichorwa vitufe vyeusi na vyeupe vya piano, ishara ya imani yake kwamba muziki kamili huhitaji rangi zote mbili.

Imani hiyo ndiyo iliyomletea lawama. Wafuasi wa Marcus Garvey walimwona mpole kupita kiasi. Msomi W.E.B. Du Bois aliikosoa vikali sera ya Jones, kiongozi wa tume ambayo Aggrey alikuwa mjumbe wake, akihofia ingewafunga weusi katika kazi za mikono. Lawama hizo hazikuwa za bure. Serikali za kikoloni zilifurahia kumsikia Mwafrika akihubiri ushirikiano badala ya kudai haki, na matunda ya ushirikiano huo hayakugawanywa sawa.

Ajabu ni kwamba wanafunzi wake hawakuukariri msimamo huo. Kwame Nkrumah, ambaye alikuwa akisomea ualimu mjini Accra katika chuo kilichohamishiwa Achimota baadaye, alimstahi mno. Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa 1957, Nkrumah alieleza kuwa ni Aggrey aliyeamsha uzalendo wake na hamu ya kusomea Marekani. Papo hapo alieleza kwamba hakukubaliana naye kuhusu kushirikiana na Wazungu, kwani aliamini hapawezi kuwa na upatanifu iwapo mweusi hajapewa usawa. Nchini Nigeria, kijana Nnamdi Azikiwe alimsikia Aggrey mjini Lagos mnamo 1920 akaapa kufuata nyayo zake. Alisafiri kwenda Marekani mnamo 1925.

Mwalimu mwenyewe hakuyaona matokeo. Chuo cha Achimota kilizinduliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye alienda New York kukamilisha tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliugua ghafla na kufariki Julai 30, 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury, mji alikokuwa amefundisha. Huko Gold Coast, Nkrumah na wenzake waliunda chama cha wanafunzi kwa jina lake, wakakitumia kujifunza kuhutubu na kujadiliana.

Nkrumah aliiongoza Ghana kupata uhuru mnamo 1957. Azikiwe alikuwa rais wa kwanza wa Nigeria mnamo 1963. Aggrey hakuwahi kuwa mkuu wa chuo alichokipigania, hakugombea kiti chochote, wala hakuanzisha chama cha siasa.

Vyuoni leo, uongozi wa mwanafunzi aghalabu hupimwa kwa kura alizopata na ukubwa wa mabango yake. Maisha ya Aggrey yanaonyesha kipimo kingine. Mhadhiri anayetaka kulea viongozi hana budi kwanza kumfanya kijana ajione anawajibika kwa watu wake, kisha akubali kwamba kijana huyo, akishajitambua, huenda akachagua njia asiyoipenda mwalimu. Waliomfuata Aggrey kikamilifu wamesahaulika. Waliombishia ndio waliobadilisha bara.